Kivuli cha Kona ya Nne

Jumatatu, 3 Machi

Daktari kanisikiliza kifua kwa muda mrefu mno. Kisha akanishauri nipange mambo yangu. Hakusema mambo gani. Ninayo mawili.

La kwanza: kumwambia shemeji, mjane wa mdogo wangu, nilichomfanyia mumewe. La pili: kuivunja rekodi ya huyo huyo marehemu katika mchezo wa mbio za magari wa kwenye kompyuta. Dakika moja, sekunde arobaini na mbili. Nitaanza na la pili. La kwanza linahitaji nguvu.

Na hili liandikwe wazi, maana nikifa daftari hili litasomwa. Mimi na mdogo wangu, wastaafu wawili chini ya paa moja, tulishindana kila siku baada ya chakula cha mchana. Usukani mezani, pedeli tatu sakafuni, mkono wa gia pembeni. Alinishinda mara mia tatu na kumi na moja. Nilihesabu. Asubuhi moja nikafungua kiboksi cha pedeli, nikalegeza lehemu ya waya wa breki. Kidogo tu! Breki ikawa inashika na kuachia. Kila akifika kona ya nne, ukutani. Siku tatu mfululizo. Akautazama mguu wake wa kulia, akasema umeanza kufa kama wa baba. Akaingia chumbani, akalala. Shemeji aliukanda mguu huo kwa mafuta ya vuguvugu miezi minne, mpaka moyo wa mdogo wangu uliposimama. Mguu mzima! Mimi nilikuwa nikishika bakuli.

Bodi ya zamani, ile ya saketi ndani ya kiboksi, imeliwa na kutu. Nitaunda mpya kwa mkono wangu. Nilifundisha fizikia miaka thelathini na mmoja. Itanishinda nini?

Jumanne, 4 Machi

Imenishinda mikono. Inatetemeka. Chipu ina miguu myembamba kama ya sisimizi, na mimi sisimizi mmoja namwona wawili. Nikafunga kiwiko mezani kwa skafu. Kila tone la lehemu nikabana pumzi, na pumzi zenyewe ndizo hizi za kubahatisha. Saa nne asubuhi nikawasha. Moshi! Chipu nimeiweka kinyume. Miaka thelathini na mmoja niliwaadhibu wanafunzi kwa kosa hilo.

Shemeji akaja mbio na kitambaa cha jikoni. Ni muuguzi mstaafu, pua yake haidanganyiki. Nikasema ni dawa ya mbu. Akauliza mbu gani hao wa saa nne asubuhi, na imekuwaje wameniunguza ndevu upande mmoja. Akazisawazisha kwa mkasi. Akasema, "Shemeji, ukifa kwa kifua nitakulilia. Ukifa kwa moto nitakusema mpaka kaburini." Hapo ndipo pangefaa kukiri. Nikasema ahsante.

Bahati nzuri ninayo chipu ya pili.

Jumatano, 5 Machi

Bodi iko hai! Kwenye kioo cha kompyuta kuna mistari mitatu, mmoja kwa kila pedeli, na namba ya gia. Nikaketi kuitazama kama mzazi. Miguu yangu ilikuwa kwenye ndara, na ndara zilikuwa mbali na pedeli. Mstari wa breki ukapanda. Ukashuka. Ukapanda tena.

Sikuogopa. Mguu wa chipu usipoungwa hudaka chochote: feni, nyaya za ukutani, hata mkono wa mtu anayepita. Husoma kitu pasipo na kitu. Nililieleza hilo darasani mpaka watoto wakasinzia. Nikachukua lenzi. Kweli, pale kwenye breki lehemu haikushika. Nikachomea upya. Mstari ukatulia. Nikacheka peke yangu.

Ndipo namba ya gia ikatoka tatu, ikawa mbili. Mkono wa gia haukusogea. Nilikuwa nimeushika.

Marehemu alikuwa akirudi gia ya pili kabla ya kona ya nne. Kila mara.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepima maungio yote kwa mita ya kupimia umeme. Ishirini na sita. Yote mazima. Ningefurahi kama hata moja lingekuwa bovu.

Baada ya chakula nikacheza. Mchezo huu huhifadhi mzunguko bora na kuuonyesha kama gari la mfano wa moshi, linalokimbia mbele yako jinsi mwenye rekodi alivyokimbia. Tulikuwa tukiliita kivuli. Ni kumbukumbu tu. Halijui kama upo. Leo nililipita kona ya pili, kwa kukata kwenye majani. Hakuna aliyeona. Kona ya tatu bado niko mbele! Kona ya nne nikatazama nyuma. Halipo. Lilikuwa mbele yangu, limesimama kando ya ukuta, limeacha nafasi ya gari moja.

Kumbukumbu haisimami. Nikasahau breki. Ukutani.

Shemeji akauliza kutoka jikoni niko na nani. Nikasema niwe na nani tena? Akasema amesikia pedeli ikilia kama bawaba kavu, kama alivyokuwa akiiliza marehemu, na mimi sina nguvu za kuikanyaga hivyo. Akaja mlangoni. Tukatazamana. Nikafungua kinywa.

Nikaomba chai.

Ijumaa, 7 Machi

Mbinu mpya: kukiri nusu. Nikamwambia shemeji kwamba, kitaalamu, nimegundua bodi ya zamani ilikuwa na hitilafu. Lehemu ya breki ililegea. Kwa hiyo pengine mguu wa marehemu haukuwa na neno. Akaendelea kukunja nguo. Akauliza ililegea yenyewe? Nikasema lehemu nayo huchoka. Akauliza, "Kama ulivyochoka wewe, Shemeji?"

Nikayatoa yote. Mpaka bakuli. Pumzi ikanikatika. Aliniwekea mto mgongoni kwanza, ndipo akajibu.

Alijua. Wote wawili walijua. Wiki ya pili marehemu alikifungua kiboksi akakuta tone lenye mkia. Alisema kaka huacha mkia kila mara, hajui kuondoa chuma cha kulehemu kwa wakati. Akalichomea upya mwenyewe. Siku zangu za kliniki alikuwa akiinuka na kucheza. Rekodi yenyewe aliiweka kwa mguu uliokufa!

Nikauliza, sasa kwa nini alilala miezi minne? Akasema mafuta aliyapenda. Halafu akaacha kukunja nguo. Akasema kila siku baada ya chakula marehemu alimwomba aache mlango wazi. "Kaka anakuja kuniambia leo."

Niliingia kila siku, na bakuli. Ule mlango wazi nilidhani ni joto.

Jumamosi, 8 Machi

Nimelala kama mtoto. Mzigo umetua. Nimesamehewa!

Asubuhi shemeji aliomba ajaribu pedeli. Nikamwelekeza, kwa upole wa mtu aliyetubu, breki ni ipi na pedeli ya mafuta ni ipi. Akasema anajua. Dakika moja, sekunde arobaini na moja. Kakishinda kivuli! Kumbe siku zile za kliniki walikuwa wakicheza wawili. Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, akanigonga bega. "Pole, mzee wa mikia." Nami nikacheka. Nilikuwa na furaha ya kweli kwa karibu dakika tano.

Sasa ni saa nane mchana. Kaenda kunichukulia dawa. Nimefungua kiboksi. Waya wa breki tu, na kidogo tu. Chuma cha kulehemu hata sijakichomeka kwenye umeme. Nimeweka lenzi. Tone la breki si langu. Ni la duara, laini, halina mkia. Nimeligusa kwa kidole. Linaunguza.

Mlango wa chumba cha marehemu uko wazi, na leo hakuna joto.

Nimelilegeza hata hivyo. Kesho shemeji akigonga ukuta, nitamwambia ni goti.