Gari la Mjomba Limekataa Kuzimika

Jumatatu, 1 Agosti 1977

Mdogo wangu Sihaba kaja kabla sijanawa uso. Shikamoo kaka. Marahaba. Hali, watoto, kuku. Alipofika kwenye kuku nikajua pana jambo. Binti yake Dija anaolewa Mlingotini, Jumamosi ya tarehe kumi na tatu, kabla Ramadhani haijaingia. Alhamdulillahi! Nikasema gari liko tayari. Sihaba akatazama kandambili zake. Akasema kaka usinifikirie vibaya, ila wamewaza labda Alawi.

Alawi! Jirani yangu, mwenye gari jipya na mdomo mpana. Mjomba mtu nipo, nina pumzi, nina gari, halafu bibi harusi apelekwe na Alawi! Mimi nifuate nyuma na wabeba mikeka?

Najua anachoogopa. Mwaka jana nilimpeleka bibi harusi mwingine. Mwendo wa jongoo nyuma ya tarumbeta, taa zote zinawaka, honi hainyamazi. Mbele ya soko Bi Tatu akafa. (Bi Tatu ndilo gari langu, la Kiingereza, la mwaka hamsini na sita. Nililinunua Jumatatu. Mke wangu Mwaija huliita mke mwenza.) Bibi harusi alifika kwa kusukumwa na wanaume kumi na mmoja, mmoja wao bwana harusi mwenyewe, kanzu kaikunja kiunoni. Wanawake wakatunga wimbo papo hapo: Bi harusi mpya, gari bovu, msukumeni wenye nguvu. Mwaija bado huuimba akipepeta mchele.

Tumeafikiana. Alhamisi ya wiki ijayo nizunguke mji kwa mwendo wa harusi, taa na honi. Nikirudi bila kusukumwa, nampeleka Dija. Nikisukumwa, Alawi.

Jumatano, 3 Agosti

Kwa Muhidini, fundi umeme wa magari. Kasema ugonjwa ni dinamo. Dinamo haichaji vizuri mpaka gari likimbie, na harusi haikimbii, kwa hiyo pale sokoni wewe, Mzee Kitwana, ulikuwa unakula akiba ya betri tu. Dawa ni altaneta. Ile hata gari likitambaa inachaji. Tena hizi za siku hizi hazina haja ya lile kopo la katauti pembeni, la kupima umeme usizidi. Regileta, hicho kipimo chenyewe, imo tumboni mwake.

Nimeipenda hapo hapo. Kitu kinachojizuia chenyewe! Nimemweleza Mwaija. Kauliza kama wapo na waume wa aina hiyo.

Jumamosi, 6 Agosti

Ubena. Kuna gari lilipinduka huko, jipya kabisa, na mwenyewe anauza vipande. Nimepata altaneta! Nimerudi nayo kwenye basi, nimeifunga kwa kanga ya Mwaija isiingie vumbi. Mama mmoja alinisogelea akauliza mtoto ana miezi mingapi. Nikasema mitano. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Alhamisi, 11 Agosti

Ushindi! Muhidini kachonga kipande cha chuma cha kuikalisha altaneta, kageuza nyaya za betri zikubaliane nayo, katauti kaing'oa. Kabakiza taa ndogo nyekundu kwenye dashibodi. Ukifungua ufunguo inawaka, injini ikinguruma inazimika, ndipo ujue inachaji. Kasema taa hiyo usiiguse, mzee, ndiyo inayoiamsha altaneta. Nikaitika. Mimi huitika vizuri sana.

Nimezunguka mji mara tatu, taratibu hadi mbuzi wakanipita. Vijana wa sokoni walikuja wamekunja mikono ya mashati tayari kusukuma, wakarudi wamenuna. Sihaba kacheka mpaka nikaliona jino la dhahabu. Dija ni wangu kumpeleka!

Alawi alichungulia ndani. Akasema hongera jirani, ila hiyo taa nyekundu mbele ya bibi harusi ni uchuro. Kama jicho la fisi.

Ijumaa, 12 Agosti

Jicho la fisi! Baada ya sala nimeitoa. Nyaya zake mbili nimezisokota pamoja na kuzifunga kwa plasta ya kidonda. Umeme unapita kwenye waya, haupiti kwenye rangi. Kuwasha sikuwasha, petroli ni ya harusi. Kazi safi. Muhidini hana haja ya kujua.

Jumamosi, 13 Agosti

Ya Rabi.

Kwa Sihaba sikuzima gari, tarumbeta zilishaanza. Njiani Bi Tatu kaenda kama malkia. Mlingotini tumeingia saa kumi na moja, vumbi, vigelegele, taa zinamulika mchana kweupe. Nikasimama mlangoni kwa bwana harusi. Nikazungusha ufunguo. Injini ikaendelea. Nikauchomoa kabisa. Injini ikaendelea! Nikautazama ufunguo mkononi. Ni wenyewe.

Tarumbeta zikanyamaza. Anayezungumza ni Bi Tatu peke yake.

Mzee Mwinshehe, baba mkubwa wa bwana harusi, akasogea dirishani. Akasubiri nizime. Nikamtazama bila kupepesa. Akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeelewa. Akawageukia wenzake: mjomba hajaridhika na kilemba, haki yake ya kumtoa mtoto. Gari liko moto, anataka kurudi na mtoto.

Sikusema neno! Wakaleta kanzu mpya, wakaitandika juu ya boneti. Boneti linatetemeka, kanzu ikateleza chini. Wakasema ameitupa. Wakaleta jogoo.

Nikakumbuka kuinyonga injini kwa gia. Lakini breki za Bi Tatu ni za kuombea dua. Akaruka hatua mbili mbele, wazee wakaruka tatu nyuma. Sauti ikapigwa: anakasirika huyo, ongezeni!

Nyuma Dija akaninong'oneza chini ya shela, mjomba zima gari, utanitia aibu. Nikamwambia mwanangu, halizimiki. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Anacheka, mwana wa watu, mpaka wanja unamchuruzika! Wa nje wakasema mtoto analia jamani, mjomba huyu ana roho ya mawe.

Ningeshuka, nikafungua boneti, nikasema kweli. Lakini Alawi alikuwa amesimama pale pale, mikono nyuma, macho yanang'aa. Heri niitwe mroho kuliko niitwe asiyejua kuzima gari lake.

Wakaleta beberu, wakamfunga kwenye bampa. Bi Tatu akakohoa mara mbili, akanyamaza. Petroli imekwisha! Niliyotia ilikuwa ya kwendea na kurudi, si ya kusimama. Vigelegele mpaka kijiji cha pili. Mzee Mwinshehe akafuta jasho, akanishika mkono, akasema wajomba wa siku hizi wamelegea, wewe ni wa zamani.

Nimerudi kwa gari la Alawi, mimi, jogoo na beberu. Alawi alipiga mluzi njia nzima. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, 14 Agosti

Sihaba kaja. Hakuna shikamoo. Hakuna kuku. Kasema Mlingotini wanasema tunauza mtoto, na Dija ndiye anayeishi nao, si wewe na mbuzi wako. Kesho nirudishe kila kitu na niseme kweli. Nikaitika.

Muhidini kaenda na petroli kumleta Bi Tatu. Kaifungua ile plasta, kaitazama kwa muda mrefu. Kanieleza kwamba bila taa altaneta yenyewe inailisha injini umeme kwa mlango wa nyuma, ufunguo unabaki pambo. Kairudisha taa. Nikaitika tena.

Jumatatu, 15 Agosti

Nimekwenda na beberu, kanzu na jogoo. (Jogoo mwingine. Yule Mwaija alishampika.) Maneno nimeyapanga njiani: mzee wangu, ulikuwa waya tu. Mafupi, ya kiume.

Mzee Mwinshehe kumwona beberu anashuka, uso ukamwanguka. Akauliza, ameonekana mdogo? Kabla sijajibu akaamuru aletwe jike. Dija kasimama mlangoni, mikono ina hina, ananifanyia ishara kwa nyusi: sema, mjomba, sema! Nikafungua mdomo. Nikakohoa. Nikasema, kweli, mzee, dume peke yake huwa mpweke.

Dija akaingiza upindo wa kanga mdomoni akakimbilia ndani. Baadaye kanisindikiza hadi kwenye gari. Kasema wakwe wanamwendea kama yai, wanaogopa mjomba asije akarudi. Kasema pia nisirudi kabla ya Idi, mbavu zinamuuma.

Kwa hiyo mtoto ana heshima yake, mimi nina mbuzi wawili, na Sihaba nitamweleza akipoa. Mfungo mosi kuna harusi nyingine, mpwa wa Mwaija, anaolewa Fukayosi. Huko wana ng'ombe.

Taa nyekundu nimeitoa, nyaya nimezisokota tena. Kesho namwona seremala anitengenezee tela. La ng'ombe mmoja linatosha.

Hapana. Afanye la wawili.