Hotuba Mbele ya Nyumba ya Wageni Isiyotaka Wageni

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye pia ni mimi kwa kuwa aliyealikwa ametoa udhuru. Waheshimiwa maprofesa, madokta, madokta watarajiwa, mastekholda wote, na wewe bibi mwenye nyumba, uliyesimama hapo kwenye kufuli nililoufungia mlango wako: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya waliopewa viti.)

Ndugu zangu, utafiti wa utalii wa halali, ule unaomfaa msafiri Mwislamu, unapaa kama moshi! Kwa takwimu nilizoziandaa mwenyewe garini nikija, maandiko yameongezeka kwa asilimia mia nne, na karibu yote yanachambua mwelekeo wa maandiko mengine, ishara kwamba methodolojia yetu imekomaa hata haimhitaji tena msafiri. (Msafiri mwenye mke na mabegi anaulizia chumba. Anafukuzwa asiharibu data.)

(Bibi: “We mwanangu! Mshale wa kibla upo darini, kopo la maji lipo chooni, pombe haijawahi kuvuka kizingiti hiki. Mlango wangu umeufungia nini? Nile kuta?”)

Swali zuri sana, bibi, ndiyo maana sitalijibu. Nyumba yako ni sampuli, na sampuli ikilaliwa na watu inachakaa kisayansi. Tutaifungua mara utafiti utakapothibitisha kwamba kuna wageni wanaoihitaji.

(Bibi: “Watathibitika vipi na umeshawafukuza? Akili ni nywele, baba, na wewe umenyoa!” Makofi, safari hii ya moyoni.)

Naahidi kongamano, kisha kongamano la kutathmini kongamano, chini ya uongozi wangu uliotukuka. Utafiti! (“Juu!” wanaitika wawili.) Halali! (Mtu mmoja anakohoa.)

(Bibi: “Mlango!” Umati mzima: “Wazi!” Nyundo inalia. Kufuli chini.)

Namalizia kwa kuwashukuru wanazuoni wote walionukuu ule utafiti wa msingi uliofanyika ndani ya nyumba hii. Nimeutafuta sana. Kila mmoja amemnukuu mwenzake, na wa kwanza kabisa alininukuu mimi, siku ile nilipotangaza kwamba utafanyika. Haukufanyika. Hata Kituo chetu cha Utafiti hakijajengwa, ndiyo maana nawashukuru pia waliovumilia kuniita Mkurugenzi. Asanteni sana. Na wewe bibi, asante. Giza hili linaingia nami sina pa kufikia, naomba chumba.

(Bibi: “Kaa hapo nje kwanza, tukufanyie utafiti.”)