Mwenyekiti wa Ziwa Kavu

Jumatatu, 9 Mei 2016

Balaa! Mashine imejaa. Asubuhi imeandika kwenye kioo kwamba nafasi imekwisha, gemu mpya ya mpira haiingii. Na vijana wa stendi hawataki kusikia kitu kingine ila mpira. Mama Theodosia, mwenye gesti na mwenye kibanda hiki cha gemu ninachokisimamia hapa Nyakanazi, amesema kitu kifutwe. Nikashauri yafutwe mashindano ya magari. Akasema hayo wanayacheza madereva wa malori, na madereva ndio wanaolala gesti.

Kwa hiyo shoka limeangukia Baada ya Moto. Ni gemu ya dunia iliyoungua, miji imebaki majivu, watu wachache wanahangaika. Ina nyongeza mbili. Ziwa Kavu: ziwa limekauka, unajenga kijiji katikati yake na kukusanya watu. Reli ya Kutu: treni moja, majambazi, risasi, kelele. Jumamosi Mama atazitazama zote mbili. Moja itabaki, nyingine itafutwa.

Ziwa Kavu ni langu. Humo mimi ni mwenyekiti! Nina watu arobaini, mnara, na uzio tabaka tatu. Huku nje mambo ni tofauti. Mwaka juzi, kwetu Kasulo, niligombea uenyekiti wa kitongoji nikapata kura mbili. Moja ni yangu. Ya pili sijui ni ya nani. Mama mzazi amekana kabisa. Ziwa likifutwa, nabaki Anatory mtupu.

Reli ni ya Audax, mpiga debe wa mabasi ya Kahama. Anasema Ziwa Kavu ni gemu ya watu wanaopenda vikao. Mshamba!

Jumanne, 10 Mei

Mkakati: nimwonyeshe Mama uzuri wa Ziwa mapema, kabla Audax hajamharibu akili. Nimtafsirie mwenyewe. Kiingereza changu ni cha kuungaunga, lakini Mama hana hata hicho, kwa hiyo nilikuwa salama.

Nikaanza na nyumba moja iliyoachwa, nitafute misumari. Mama akauliza mbona sikupiga hodi. Nikamwambia mwenye nyumba alikufa. Akauliza kama matanga yameshaanuliwa. Swali gani hilo! Wakati nafikiri jibu, mkono wangu ulikuwa umeshafungua kabati na kuchukua sufuria. Mama akashika kichwa. Sufuria ya marehemu! Akauliza huyo mwizi ni nani. Nami kwa majivuno yangu nikasema ni mimi.

Akanyanyuka moja kwa moja hadi chumbani kwangu. Akarudi na taulo mbili za gesti na birika. Nilieleza kwamba nilikuwa nikizitunza. Audax alicheka mpaka basi lake likaondoka na siti tupu.

Jumatano, 11 Mei

Mbinu mpya: adabu. Kuanzia leo mwenyekiti wangu hagusi cha mtu. Tatizo, padi ya kuchezea haina kitufe cha hodi. Nikaamua kuruka mara tatu mlangoni ndiyo iwe hodi. Kisha nasubiri nikaribishwe. Hakuna wa kunikaribisha, wamekufa. Naondoka. Mchana kutwa nimezunguka nchi ile ya majivu: naruka, nasubiri, naondoka.

Nilipoona nimeiva, nikamwita Mama aje ashuhudie heshima. Akafika sekunde ileile mwenyekiti alipoanguka na kufa kwa njaa. Mlangoni pa ghala la chakula! Mama akasema mtu mzima hafi njaa kando ya ghala, hiyo si adabu, huo ni uvivu. Bahati nilikuwa nimesevu.

Audax akachukua kipaza sauti cha stendi. Kahama, Kahama, siti mbili, halafu mwenyekiti wa Ziwa Kavu amefariki dunia, mazishi mtatangaziwa. Watu wamekuja kunipa pole. Mama lishe mmoja kaniletea sahani ya maharage ya msiba. Nimekula.

Alhamisi, 12 Mei

Wameutaka ubaya, wataupata. Nimefungua kibanda mapema, Audax yuko na mabasi ya asubuhi. Lengo: niingie Reli ya Kutu, niiangushe treni yake darajani, nisevu. Jumamosi Mama akute vyuma chakavu mtoni. Mpango safi kabisa.

Ila treni lazima kwanza ifike darajani. Nikawasha. Jamani, ile honi! Ukiivuta, mabati ya kibanda yanatetemeka. Nikaivuta tena, kwa ajili ya utafiti. Kituo cha kwanza nikapakia abiria. Cha pili kulikuwa na majambazi, nikawachapa. Cha tatu nikapakia makaa. Daraja nililipita bila kulikumbuka.

Mchana Audax alisukuma mlango akanikuta nimesimama juu ya stuli, nikilia pooo! pooo! kwa mdomo wangu mwenyewe, maana honi ya kwenye gemu haikunitosha. Nilijua nimekwisha. Hakukasirika. Hilo ndilo linaloniuma! Alikaa kando yangu akanionyesha namna ya kukata kona bila kumwaga makaa. Nikamwambia Reli ni takataka. Akasema sawa, ongeza makaa.

Tumecheza mpaka wateja wakaanza kugonga mabati.

Jumamosi, 14 Mei

Siku ya hukumu. Nimevaa shati la kanisani.

Kabla hatujaanza, basi la wakimbizi wa Burundi, linalowatoa mapokezi kule Ngara kwenda kambini upande wa Kibondo, likavunja springi mbele ya gesti. Mama Theodosia akapika uji sufuria nzima, kisha akasema waingie kibandani wakwepe jua. Nikapinga. Nikasema leo kuna shughuli nzito. Akaniuliza kama nataka habari za taulo zizungumzwe mbele ya wageni. Nikapanga viti.

Mbele kabisa akakaa bibi mmoja anaitwa Nahimana, na sufuria nyeusi mapajani. Nikampa shikamoo, akanijibu amahoro, yaani amani. Nikajitolea kumwekea sufuria chini, akaikumbatia. Kihangaza changu na Kirundi chake ni ndugu, tukaelewana vizuri.

Audax akaanza. Moshi, honi, watoto wakashangilia. Treni ikafika kituoni, wakashuka watu wa ile dunia iliyoungua, na mizigo migongoni. Bibi akasogea karibu na kioo. Akauliza nani kabeba sufuria. Tukatafuta mmoja mmoja. Hakuna! Kila mtu na bunduki. Bibi akasema aliyetengeneza gemu hii hajawahi kukimbia hata kwa jirani. Kibanda kizima kikaangua kicheko, mzee mmoja akapaliwa na uji. Audax akajitetea kwamba wanakula vya makopo. Akaulizwa wanapashia wapi. Akanipa padi.

Zamu yangu! Nikawaonyesha mnara. Nikawaonyesha uzio. Bibi akauliza watu wanapikia wapi. Nikasema kuna vitanda arobaini. Akauliza tena wanapikia wapi. Nikasema kutoka mnarani naona kila kitu. Akasema basi nitazame vizuri nimwambie wanapikia wapi.

Hakuna jiko. Jamani, nimetawala miezi yote hii na hakuna jiko! Na ile namba kumi na tisa ya pembeni mwa kioo, niliyodhani ni joto la hewa, kumbe ni furaha ya wananchi.

Bibi akatoa amri. Mnara ushuke, mbao zake zijenge jiko. Nikakataa. Kibanda kizima kikanizomea, watoto ndio waliozidi. Nikaubomoa kwa vidole vyangu mwenyewe, na iliniuma. Halafu kila abiria akawa na agizo lake. Jiko likae katikati. Milango itazamane. Choo kihamishwe mbali na kisima, nani aliweka choo pale? Mahindi nyuma ya nyumba. Mama mmoja alitaka mtoto wa kwenye kioo avalishwe sweta. Audax akasahau Reli yake, akawa ananihesabia mbao zilizobaki. Namba ikapanda. Arobaini. Sitini. Tisini! Watu wangu wakauzunguka moto, mmoja akatoa ngoma, sijui alikuwa ameificha wapi. Abiria wakapiga makofi, Bibi akaipiga sufuria yake kwa vidole kama ngoma, na Mama Theodosia akacheza na mwiko mkononi. Nilifurahi mpaka nikasahau kama niko mashindanoni. Naandika ukweli kwa sababu hakuna anayesoma humu.

Mama akatoa hukumu: Ziwa Kavu linabaki, Reli ifutwe. Nimeshinda! Nikamgeukia Audax ili nimcheke. Akapiga honi moja ya mwisho kwa mdomo, pooo, na kumcheka kukanishinda. Mama akaongeza kwamba ziwa tutashirikiana: asubuhi langu, mchana la Audax.

Springi ikapona. Bibi Nahimana, mguu mmoja ukiwa ndani ya basi, akaniambia nilitunze lile jiko, watu wakikosa pa kupikia hawakai. Nikamwahidi mbele ya stendi nzima, mkono kifuani. Tukawapungia mpaka basi likapotea njia ya Kibondo.

Jumapili, 15 Mei. Pentekoste

Nimepita kibandani kabla ya Misa ya pili. Kutazama tu. Jiko linawaka, watu wanakula, namba ni mia. Vizuri sana.

Ila hakuna anayetazama juu. Hakuna juu pa kutazama! Mwenyekiti mzima nimesimama foleni ya uji kama raia wa kawaida, na aliye mbele yangu hata hakunipisha. Mbao zangu zote zimo jikoni. Nikawaza, ni suala la kiufundi tu, jiko litajengwa tena kesho. Nikalibomoa.

Mnara umerudi! Mrefu kuliko ule wa kwanza, na bendera juu. Nikapanda. Mandhari safi ajabu. Niliwaona wananchi wangu wote arobaini bila kizuizi, wakipita getini mmojammoja kuelekea majivuni, mwenye ngoma akiwa wa mwisho. Nikataka kurudisha gemu nyuma. Nilikuwa nimeshasevu, kwa sababu ya bendera. Ilikuwa imependeza.

Audax amekuja mchana kwa zamu yake, akauliza watu wako wapi. Nikamwambia wamekwenda Misa. Akauliza, wote arobaini? Nikamkumbusha kwamba leo ni Pentekoste. Akatikisa kichwa kukubali, akavuta stuli, akakaa kuwasubiri. Bado anasubiri.

Mimi sina wasiwasi. Tatizo nimeshaligundua, wala si jiko. Ni geti. Lilikuwa wazi.