Wakili wa Sabuni Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Wifi amesema mbele ya mama mkwe kwamba njia yangu ya kutengeneza sabuni alinifundisha yeye. Yeye! Mtu anayeunguza maji! Miezi saba nimehangaika uani wakati mwanangu Kibonge amelala. Namwaga, naanza upya. Ndipo nikapata jinsi ya kuyafanya mafuta yaliyokwisha kukaangiwa yatoe mche mweupe usionuka samaki. Leo mwenyewe ni wifi. Mama mkwe akasema ni vizuri ndugu kufundishana. Nikatabasamu.

Baba Kibonge anasema nitafute wakili wa hataza. Hataza ni karatasi ya serikali inayomkataza mwingine kutumia njia uliyoibuni wewe. Hiyohiyo! Yenye muhuri. Nikaitundike sebuleni kwa mama mkwe, juu ya kiti cha wifi.

Jumanne, 4 Machi

Wakili wa kwanza, juu ya duka la viatu. Nikamwambia nina kitu changu nataka kukilinda, kuna mwanamke anakinyemelea. Akatikisa kichwa kwa huruma, akauliza tumeishi pamoja miaka mingapi. Nikasema mitatu, lakini sabuni ni ya mwaka huu. Kumbe yeye ni wa talaka na viwanja! Alishajaza nusu ya fomu. Nimeichana mlangoni. Jioni jirani kampa Baba Kibonge pole.

Jumatano, 5 Machi

Wakili wa pili analinda majina na nembo za biashara. Mambo ya kuchemsha na kuchanganya hayajui. Akaunusa mche wangu, akausifu, akautia kwenye droo yake. Droo yake! Nikadai. Akasema alidhani ni zawadi. Nikatoka nao mkononi, Kibonge mgongoni anampungia. Mtoto huyu hana msimamo, kipenzi changu. Ila nimepewa namba ya mwanamama aliyesomea kemia kwanza, sheria baadaye.

Alhamisi, 6 Machi

Huyu ndiye! Akampakata Kibonge, akaandika jina langu juu ya faili kwa herufi kubwa. Nikaanza kumpenda. Kisha akaharibu. Anataka kila hatua: moto kiasi gani, dakika ngapi, natia nini kabla ya kostiki, ile soda kali inayogandisha sabuni. Ahaa! Nikamwambia apige muhuri kwanza, maelezo baadaye. Akasema hawezi kukiombea ulinzi kitu asichokijua, na ameapa kutunza siri za wateja. Nikasema wifi yangu naye huapa kila siku.

Akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Akasema basi nitafakari, nirudi Jumatatu. Ila jambo moja akanisihi: mpaka maombi yapokelewe, nisimweleze mtu mwingine yeyote. Njia ikishatangazwa si mpya tena, na isiyo mpya haipewi hataza. Nikamwambia aondoe shaka. Mdomo wangu ni kaburi.

Jumamosi, 8 Machi

Kliniki, kupima watoto uzito. Namkuta nani kwenye foleni? Wifi! Anagawa vipande vya sabuni. Mche wangu, aliuchomoa kwenye beseni langu! Wenzangu wanamwambia ahsante dada, una kipaji. Nikamwambia haya, eleza unavyoitengeneza. Akasema ni siri, tena mimi niliyeishia darasa la saba kemia nitaitoa wapi. Foleni nzima ikanigeukia.

Damu ikapanda. Nikapanda benchi. Nikamwaga yote! Chemsha mafuta na maji ya chumvi. Yaache yatulie mpaka kesho yake, mwaga uchafu wa chini. Chuja kwenye unga wa mkaa mara tatu. Maji ya mchele kikombe kimoja, ndipo kostiki iliyoyeyushwa, kidogokidogo. Nikarudia kwa waliochelewa. Nesi akaacha mizani, akaandika. Mmoja akanirekodi, akatuma kwenye kundi la akina mama mia tatu. Wifi mdomo wazi, kama mlango uliosahauliwa. Makofi! Kibonge naye akapiga. Sasa ushahidi ninao. Wakili atafurahi.

Jumatatu, 10 Machi

Hakufurahi. Akaitazama video mpaka mwisho, pale nesi anapouliza chumvi kiasi gani. Akafunga faili. Akasema pole mama, sasa hiyo ni njia ya watu wote. Nikasema ni siri ya sisi akina mama tu. Akasema, mia tatu. Nikamuuliza mbona hakunionya. Akavaa miwani, akanifungulia mlango.

Nimelia kwenye ngazi. Nilitaka Kibonge akikua akute jina la mama yake kwenye karatasi ya serikali, si kwenye kadi ya kliniki tu. Akanifuta machozi kwa kiganja chenye makombo ya biskuti. Wifi nimemsahau kabisa. Hasira yote ni kwa wakili. Si angesisitiza!

Jumamosi, 22 Machi

Nimepata nyingine! Njia ya kutoa kutu kwenye sufuria na majembe, bila kusugua. Nimejaribu mara kumi na moja. Haipo duniani!

Safari hii sina mchezo. Kosa nimeshaliona: video ilitikisika, na mashahidi walikuwa wachache. Kesho saa nne mtaa mzima uko uani kwangu. Turubai limefungwa, viti vimekuja. Hatua zote tisa nimeziandika vizuri, kila mtu nakala yake, aweke sahihi kwamba nilianza mimi. Hata wifi nimemwalika, akome. Kisha Jumatatu asubuhi, moja kwa moja kwa wakili.

Yeye tu sitamwambia kitu. Anapenda mno kuuliza.