Chumvi ya Comète

Bihambwe, Alhamisi, 1 Julai 1954
Jumapili kuna mbio za farasi za wazungu, kama kila mwaka. Nimesoma tena ubao wa washindi kwenye ukuta wa ghala, hapa shambani ninapofanya kazi ya ukarani. Mistral, Mistral, Mistral. Mwaka jana Comète. Kwa nini? Nimemuuliza Karangwa, mchungaji wa ng'ombe. Anasema mwaka jana mbio ziliishia karibu na zizi, ng'ombe wakipewa chumvi. Na Comète alilelewa pamoja na ng'ombe, anapenda chumvi kama wao! Ajabu! Hakuna mwingine aliyeliona hilo.

Ijumaa, 2 Julai
Séraphin, fundi wa nguo, amenicheka mbele ya watu: eti nasoma ubao kama katekisimu. Tumewekeana dau. Yeye Mistral, mimi Comète. Ng'ombe wake wa maziwa kwa mtamba wangu Gaju. Gaju ni mahari ya Epiphanie, mchumba wangu. Jumapili jioni baba yake, Papa Kanyamibwa, atapokea ng'ombe wawili badala ya mmoja. Sijamwambia.

Jumamosi, 3 Julai
Jaribio. Nimemwita Comète kama tunavyoita ng'ombe, chumvi mkononi. Amekuja mbio mpaka kwenye uzio! Epiphanie ameuliza: Comète akifika pale uko, nani atamusimamisha? Maswali madogo madogo.

Jumapili, 4 Julai
Baada ya misa nilisimama nyuma ya kamba ya mwisho wa mbio, chumvi ndani ya kofia. Nikaita. Comète akatoka nyuma, akawapita wote! Halafu nikamwona vizuri. Meno. Kifua. Kwato! Miguu yangu ikaamua yenyewe. Nikakimbilia shamba la maharagwe la Mama Béata, kofia bado mkononi. Comète akaiacha njia karibu kabisa na kamba, akanifuata. Mistral akapita peke yake. Mama Béata akapiga kelele: karani na farasi yake, wote wawili, watamulipa maharagwe! Karangwa akasema: kaka, weye njo ulishinda Comète mbio, jina yako iandikwe ku ubao.

Jumatatu, 5 Julai
Séraphin amemchukua Gaju asubuhi. Papa Kanyamibwa amesema: bila ng'ombe, hakuna harusi. Epiphanie amenipangusa chumvi kwenye kola.
Ubaoni wameandika Mistral. Nimeutazama sana, na kosa nimeliona. Chumvi ilikuwa sawa. Aliyeishika ndiye aliyekimbia. Mwakani ataishika Papa Kanyamibwa. Ana mguu mbaya, hawezi kukimbia. Séraphin amekubali dau la mbuzi.
Papa Kanyamibwa bado sijamwambia.