Mlango wa Siri za Wagonjwa

Jumatatu, 3 Juni
Nina miaka sabini na mbili. Nimezika wake wawili, madaktari wakuu wanne na paka wa stoo. Bado nalinda chumba cha mafaili ya wagonjwa. Leo mlango wangu umetiwa kitasa cha kusoma kidole. Eti siri za watu zilindwe kisasa! Kimemfungulia muuguzi mkuu. Kimemfungulia mfagiaji. Mimi kimenikatalia! Vidole vyangu vimelainishwa na jembe, havina mistari tena. Daktari mkuu kasema mkaguzi anakuja Jumatano. Akikuta dosari, mimi nirudi nyumbani. Nyumbani! Nikamlindie mkwe wangu vifaranga!

Jumanne, 4 Juni
Nimepata dawa yake. Nimeweka tofali mlangoni usijifunge, nikalikalia. Kitasa sasa ni mimi. Muuguzi mkuu akauliza, babu, mlango wazi una usalama gani? Nikamwambia, binti, nilianza kulinda wewe ukinyonya. Kaondoka anacheka. Wivu huo.

Jumatano, 5 Juni
Mkaguzi kawahi! Nikavutia tofali ndani. Pa! Mlango ukajifunga, nami humohumo. Sikutishika. Daktari mkuu akagonga, mzee fungua. Nikataka kitambulisho. Akasema si unanijua mimi! Nikamjibu, sauti hata kasuku anaiga. Akaweka kidole, kitasa kikalia, lakini mgongo wangu uko mlangoni. Hapiti mtu! Nikamsikia mkaguzi akisema huyu mzee kiboko. Kifua kikanijaa. Akauliza kwa nje kama mafaili yote yamo salama. Hapo ndipo penyewe! Kusoma kwangu ni kwa kuunga herufi, lakini masikio yangu yamesoma kila faili. Nikapaza sauti isikike hadi mwisho wa foleni: la mwalimu mkuu mwenye bawasiri, limo! La fundi cherehani anayekojoa kitandani, limo!
Nikasikia vishindo vya mtu akikimbia kutoka kwenye foleni.

Ijumaa, 7 Juni
Nimehamishiwa getini. Si kushushwa cheo! Geti ni pana kuliko mlango. Nimeshaweka utaratibu: kila aingiaye ataje ugonjwa wake kwa sauti, nikiridhika apite. Wengine wananuna. Wazoee. Miaka yote hii siri ya mgonjwa haijawahi kunitoka kinywani. Asiyeamini amuulize dereva wa gari la wagonjwa, yule mwenye ngiri.