Nimeikomoa Benki ya Njiani

Jumatatu, 3 Machi
Malipo ya ughaibuni yamefika. Yamefika yamemegwa! Mwezi mzima nimemchorea yule mama mchapishaji vitabu vya watoto, vyura wenye miwani, kobe mwenye mwavuli, halafu benki nisiyoijua imekaa njiani na kukata chake. Shemeji, kaka wa mke wangu, hutafsiria wateja wa nje. Akasema kwa upole kwamba zake hufika nzima. Upole ule! Nilitamani kumrushia kiatu.
Mke wangu kanishauri nimuulize anafanyaje. Nimuulize Shemeji? Bora nifungue benki yangu mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Nimeamka na mpango. Pesa nyingi huonekana, kidogo hupita kimyakimya. Nimemwandikia yule mama, mteja wangu, agawe malipo ya pili, anayotuma leo, mafungu matano. Kajibu kwamba ni ajabu kidogo, lakini sawa.
Hizi ndizo pesa za chumba cha pili. Mtoto anazaliwa mwezi ujao, na mwenye nyumba kasema tusipolipa Jumamosi, anampa fundi saa. Mke wangu akauliza kama nina hakika. Nikacheka kicheko cha mtu mwenye siri.

Alhamisi, 6 Machi
Mafungu yameingia. Yote yamemegwa! Kila moja limekatwa sawasawa na lile kubwa la Jumatatu. La mwisho limefika limekonda hadi nikalionea huruma.
Mbio hadi benki. Karani, dada mwenye sauti ya kubembeleza, akanieleza kuwa makato ni kwa kila safari, si kwa ukubwa wa mzigo. Nikauliza kama hakuna punguzo kwa wasafiri wa mara kwa mara. Akamwita mwenzake aje asikie.
Karani akaongeza kuwa mtumaji anaweza kuchagua kubeba gharama zote. Ni kumwomba tu. Kumwomba tu! Nani angejua?
Shemeji. Nimemkuta nyumbani, nikamsimulia, akatikisa kichwa.
"Si ungeniuliza tu, shemeji yangu?"
Mke wangu alikuwa anakunja nguo za mtoto. Akaendelea kuzikunja, moja moja. Hapo ndipo nilipoumia kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemeza kiburi. Nimemwandikia mteja ukweli wote, hadi chumba na mtoto. Kajibu chai yangu haijapoa! Hakujua kabisa kwamba kuna mtu anamega njiani. Tangu leo gharama ni zake, na kilichopotea ameshakituma upya.
Tatizo, hakitafika kufikia kesho, siku ya kulipia chumba. Shemeji akajazia pengo bila kuombwa. Nimepokea kwa heshima, yaani kwa kununa.

Jumatano, 12 Machi
Zimefika nzima! Nimemlipa Shemeji, nikamshukuru, na sikufa. Chumba ni chetu. Nimechora chura ukutani, mke wangu kacheka mpaka kashika tumbo. Yule mteja ameagiza vitabu viwili vingine. Mambo yananyooka!
Sasa nimeona mbali zaidi. Ikiwa gharama anabeba yeye, kwa nini pesa zije mara moja? Nimemwandikia agawe malipo yajayo mafungu ishirini. Simu yangu ilie kila fungu likiingia, asubuhi hadi jioni, Shemeji akiwa hapo sebuleni anasikia. Mke wangu sijamwambia. Acha afurahi kwa kushtukizwa.